Kikapu cha Brotzeit: namna ya kula kiangazi cha Munich katika mwaka wa korona

Mwaka 2020 Munich haikuwa na Oktoberfest, sherehe yake kubwa ya bia. Tarehe 21 Aprili, Markus Söder, waziri mkuu wa jimbo la Bavaria, na Dieter Reiter, meya wa jiji, walitangaza kwamba sherehe hiyo imefutwa. Watu wapatao milioni sita kutoka kila pembe ya dunia kubanana kwenye mahema huku korona inazunguka, hilo halikuwezekana. Wageni wengi wakaona basi, kiangazi kimekwisha kabla hakijaanza. Lakini wenyeji wa Munich wana kitu wanachokithamini kuliko mahema yale, nacho kilikuwepo: bustani ya bia, yaani Biergarten. Bustani hizo zilifunguliwa tena tarehe 18 Mei, na zina haki moja ya tangu zamani iliyofaa mwaka ule kuliko mwaka mwingine wowote. Unaruhusiwa kuja na chakula chako kutoka nyumbani.

Chakula hicho huitwa Brotzeit. Ni mkate, jibini, figili, saladi ya viazi, vitu vya baridi vinavyoliwa taratibu kivulini kwa saa tatu au nne. Kila nyumba hula kwenye vyombo vyake, hewa ni ya wazi, na hakuna sahani inayopita mikono mingi. Hapa chini tunaeleza namna ya kuandaa kikapu, kukifikisha salama, na kukaa mezani bila kukorofishana na taratibu, pamoja na zile za korona zilivyokuwa msimu ule. Asiyekunywa pombe na asiyekula nguruwe tumewafikiria pia, maana bustani ya bia haikuwekwa kwa walevi. Utakuta bibi na wajukuu, wanafunzi, mafundi waliotoka kazini, na mara nyingi uwanja wa watoto kuchezea upo pembeni.

Haki ya kikapu ilikotoka

Zamani Bavaria ilikataza kupika bia kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi mwishoni mwa Septemba. Joto liliharibu uchachu, na moto wa kuchemshia ulikuwa hatari kwa nyumba za mbao. Kwa hiyo bia ya kiangazi ilipikwa Machi na kuwekwa kwenye mahandaki yenye barafu ya mtoni na ziwani. Juu ya mahandaki wapishi wa bia walimwaga kokoto na kupanda miti ya kastania, yenye majani mapana ya kutia kivuli na mizizi isiyozama sana kufikia dari la handaki. Watu wakaanza kuketi pale pale juu. Wenye migahawa wakalalamika kwamba wananyang'anywa wateja, na mwaka 1812 Mfalme Max Joseph wa Kwanza akaamua hivi: wapishi wa bia wauze bia na mkate kwenye mahandaki yao, chakula kingine wasiuze. Aliyetaka kushiba ilibidi aje na chake.

Leo bustani zinauza kila aina ya chakula, lakini desturi ya kikapu ilibaki, na kanuni ya jimbo ya mwaka 1999 inaihesabu kuwa moja ya alama za bustani ya bia halisi. Mahali panapokukataza kula chakula chako katika eneo la kujihudumia, hata paitweje, ni mgahawa wenye viti nje.

Jinsi ya kutambua meza yako ni rahisi. Meza yenye kitambaa ni ya kuhudumiwa: hapo unaagiza kutoka kwenye menyu, na kikapu hakifunguliwi. Meza tupu ya mbao yenye mabenchi ni ya kujihudumia, na hapo kikapu kinakaribishwa. Meza yenye kibao kilichoandikwa Stammtisch iache hata kama haina mtu, kwa sababu ni ya kundi la wateja wa miaka yote. Na sharti moja halina msamaha: kinywaji chochote, hata maji ya mtoto, kinanunuliwa pale pale. Mwenye bustani anaishi kwa vinywaji. Ukitoa chupa ya soda kwenye begi utaombwa uirudishe, nao watakuwa na haki.

Obatzda

Hii ndiyo jibini ya kupaka inayoongoza kikapu, na ndiyo inayoharibika mikononi mwa wasioizoea. Kwa watu wanne chukua:

jibini ya Camembert iliyoiva vizuri, gramu 250
siagi laini, gramu 60
jibini laini nyeupe ya kupaka, gramu 100
kitunguu kimoja kidogo
unga wa paprika tamu, kijiko kimoja cha chai kilichojaa
kisibiti kilichosagwa, nusu kijiko cha chai
bia ya ngano vijiko viwili vya chakula, au maziwa kwa kipimo hicho hicho
chumvi na pilipili manga

Kazi inaanzia dukani. Chukua Camembert iliyokaribia tarehe yake ya mwisho, maana ndiyo iliyoiva, na mara nyingi hushushwa bei. Ibonyeze katikati kwa kidole gumba: ikirudi ngumu kama kifutio, bado ni changa, na ukiiponda utapata punje nyeupe zisizo na ladha. Inayofaa huzama kidogo na kubaki imezama. Epuka zile zilizoandikwa asilimia 30 ya mafuta, kwa sababu hazipondeki zikalainika. Tafuta ya asilimia 50 au 60. Kwa anayejali chanzo cha kimeng'enya kinachogandisha maziwa, soma kifungashio: maneno mikrobielles Lab yanamaanisha hakikutoka kwenye tumbo la ndama.

Toa jibini na siagi kwenye friji saa mbili kabla. Hatua hii ndiyo watu huiruka, na hapo ndipo mabonge ya siagi yanapotokea, madoa ya njano ambayo hayaondoki hata ukikoroga hadi jioni. Kata Camembert vipande vidogo pamoja na ngozi yake nyeupe, kisha ponda kwa uma kwenye bakuli pana. Usitumie mashine. Visu vya mashine huifanya nyororo mno hadi ikalegea na kutiririka, wakati Obatzda inatakiwa kuwa na vipande vidogo vidogo unavyovihisi ulimini. Ongeza siagi, ponda tena, halafu jibini laini, paprika, kisibiti na pilipili. Bia au maziwa yanafuata, kijiko kimoja kimoja, mpaka mchanganyiko ushike uma bila kudondoka. Onja kabla ya kutia chumvi, kwa kuwa Camembert ina chumvi yake. Rangi inatakiwa iwe ya chungwa hafifu.

Kitunguu kinasubiri. Kikikaa ndani ya jibini usiku kucha hugeuka kichungu, na chakula chote kinanuka. Kikate vipete vyembamba, kifunge kwenye kikopo chake, na ukiweke juu wakati wa kula. Majani ya kitunguu yaliyokatwa madogo nayo hivyo hivyo.

Miaka mingine bakuli moja la Obatzda huwekwa katikati ya meza na kila mkono unachovya. Mwaka ule wa korona iligawanywa nyumbani kwenye vichupa vidogo vyenye vifuniko, gramu 100 hivi kwa mtu, kila mmoja na kisu chake. Haipunguzi utamu, na marafiki wa nyumba nyingine wanaweza kupata chupa yao bila mtu kuona haya.

Figili inayolia

Figili nyeupe ndefu, ambayo hapa huitwa Radi, ndiyo inayomfanya jirani wa meza ya pili ageuke kutazama. Ikikatwa inavyotakiwa hufunguka kama kinanda cha mkono, ikiwa nzima bila kuachana. Kuna kifaa cha kuichonga mzunguko, lakini kisu na vijiti viwili vya kulia chakula vinatosha.

Osha figili, kata ncha zote mbili, na usiimenye kama ngozi ni safi. Ilaze kwenye kibao kati ya vijiti viwili, kimoja kila upande. Kata kwa kushuka wima, mikato ya milimita mbili hadi tatu, ukiacha kisu kigote vijitini ili kisifike chini. Ukimaliza urefu wote, igeuze juu chini kwa nusu mzunguko. Sasa kata tena, lakini safari hii kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi. Vuta ncha zake taratibu, nayo itafunguka. Ikikatika vipande, sababu ni mojawapo ya mbili: mikato ya upande wa pili ilikwenda wima kama ya kwanza na ikakutana nayo, au figili ilikuwa ya siku nyingi na imekauka ndani. Mbichi ni nzito mkononi, na ukiipinda hupasuka kwa sauti.

Nyunyiza chumvi ndani ya mikato yote na uiache dakika kumi hadi kumi na tano. Itatoa maji, watu wa hapa husema figili inalia. Machozi hayo hubeba sehemu kubwa ya ukali wake, kwa hiyo yamwage. Ukiiacha zaidi ya nusu saa inalegea kama kitambaa. Ndiyo maana figili husafiri nzima na kutiwa chumvi mezani: chukua kisu, vijiti na chumvi kidogo kwenye karatasi. Ni kazi nzuri kwa yule anayesubiri wenzake wakiwa kwenye foleni ya vinywaji.

Saladi ya viazi na mkate

Saladi ya viazi ya Bavaria haina mayonezi, jambo la heri kwa kikapu cha Julai. Tumia kilo moja ya viazi visivyovunjika, vilivyoandikwa festkochend. Vya unga vitageuka kuwa rojo. Vichemshe na maganda dakika 20 hadi 25, vimenye vingali moto kadiri vidole vinavyoweza kustahimili, vikate vipande vyembamba. Chemsha mililita 250 za supu ya mboga, tia kitunguu kilichokatwa kidogo sana, siki vijiko vitatu au vinne, haradali kijiko kimoja cha chai, chumvi na pilipili, kisha mimina juu ya viazi na uviache nusu saa. Vitaonekana vinaogelea, usiogope, vitainywa yote. Mafuta, vijiko vinne, huja mwisho kabisa. Ukitanguliza mafuta yatavifunika viazi, supu itabaki chini ya bakuli, na utakula viazi vikavu vyenye mchuzi pembeni. Tango lililokatwa jembamba huongezwa kabla tu ya kuondoka.

Mkate ni Brezn, ule wa kusokotwa wenye chumvi juu. Ushauri wetu: nunua. Rangi yake ya kahawia inayong'aa hutokana na kuchovya donge kwenye maji ya magadi makali, sodiamu haidroksaidi ya takriban asilimia 4, ambayo huunguza ngozi na macho na hula trei za alumini. Jikoni penye watoto si kitu cha kujaribia. Anayetaka kuoka mwenyewe, kama wengi walivyofanya tangu Machi 2020 hadi unga na hamira vikaadimika madukani, achemshe lita moja ya maji na gramu 50 za bikaboneti ya sodiamu (soda ya kuokea), achovye kila Brezn sekunde 30, kisha aoke kwa nyuzi 220 kwa dakika 15 hadi 18. Rangi itakuwa hafifu zaidi, ladha itakaribia.

Ukinunua, nunua siku hiyo hiyo na ubebe kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki huyeyusha chumvi na kuulainisha mkate kwa saa moja. Waislamu waulize mwokaji, kwani baadhi hutia mafuta ya nguruwe kwenye donge. Swali ni Ist da Schweineschmalz drin? na mwokaji yeyote atajibu bila kushangaa.

Kumbuka maduka hufungwa Jumapili, na siku nyingine Bavaria hufunga saa mbili usiku. Kikapu cha Jumapili kinanunuliwa Jumamosi, isipokuwa mkate, ambao baadhi ya wauza mikate huuza saa chache asubuhi. Sokoni Viktualienmarkt, katikati ya jiji, utapata figili, jibini na kachumbari za tango chini ya anga moja, lakini nako Jumapili kumefungwa.

Kinachoongezwa juu ya hivi ni hiari yako: mayai ya kuchemsha, nyanya ndogo, nyama baridi ya bata mzinga, sambusa za jana. Hakuna atakayekukagua. Tumeona ndizi za kukaanga na chapati juu ya meza hizo, na majirani waliuliza tu zinapikwaje. Usibebe jiko wala mkaa bustanini.

Kufunga kikapu

Vizito na baridi chini, mkate juu. Weka vifurushi viwili vya barafu ya friji, kimoja chini na kimoja juu ya jibini, kwa kuwa baridi hushuka. Kwenye joto la nyuzi 30 usiache jibini na saladi juani zaidi ya saa moja. Kivulini saa mbili. Tia pia vitu hivi, maana ndivyo vinavyosahauliwa: kibao cha kukatia, kisu kikali kilichoviringishwa taulo, kitambaa cha meza, chumvi, mfuko wa takataka, tishu, kitakasa mikono, na mwaka 2020 barakoa ya akiba kwa kila mtu. Kitambaa cha meza mnachotandika wenyewe juu ya meza tupu ni desturi inayopendwa, na kinakupa pia uso safi wa kuwekea mkate.

Taratibu za msimu wa 2020

Barakoa ililazimishwa Bavaria kuanzia tarehe 27 Aprili 2020 madukani na kwenye treni, tramu na basi, kwa kila aliyefikisha miaka sita. Bustanini uliivaa kuanzia langoni hadi ulipoketi, na tena kila uliponyanyuka: kwenda kuchukua kinywaji, kwenda chooni, kutoka. Ukiwa umeketi uliivua. Iliwekwa mfukoni au kwenye bahasha. Ikiachwa mezani ilianguka kwenye mchuzi, na ikitundikwa kidevuni ilichafuka.

Langoni au mezani ulijaza karatasi: jina, namba ya simu, na muda uliofika. Ilibidi kuandika ukweli. Kazi yake ilikuwa kuiwezesha idara ya afya kukupigia iwapo mtu wa meza ya karibu angeonekana na virusi, na karatasi ilitakiwa kuharibiwa baada ya mwezi mmoja. Corona-Warn-App, programu ya simu ya kuwaonya waliokaribiana na mwenye virusi, iliyotoka tarehe 16 Juni, haikuchukua nafasi ya karatasi hiyo. Ilikuwa vizuri kuwa na vyote viwili.

Kundi la hadi watu kumi mliweza kuketi pamoja. Kati ya kundi lenu na lingine ilibidi uwepo umbali wa mita moja na nusu. Hapa ndipo mwaka ule ulipouma kweli, kwa sababu uzuri wenyewe wa bustani ya bia ni kuketi na usiowajua. Miaka mingine unauliza Ist hier noch frei?, unasogezewa nafasi, na baada ya nusu saa mnagawana figili. Mwaka ule hukujipenyeza kwenye benchi la watu. Kama meza ilikuwa ndefu na mwisho wake ulikuwa wazi, uliuliza ukiwa umesimama mbali, na ukikataliwa uliondoka kwa wema; huenda yule mzee alikuwa na mgonjwa nyumbani.

Nafasi zilipungua kwa sababu meza zilitenganishwa. Hirschgarten, kubwa kuliko zote ikiwa na viti vipatavyo elfu nane miaka ya kawaida, na ile ya Mnara wa Kichina ndani ya Englischer Garten, bustani kubwa ya umma, yenye viti elfu saba hivi, ndizo zenye matumaini kwa anayekuja bila mpango. Siku ya kazi fika kabla ya saa kumi na moja jioni. Jumamosi yenye jua fika saa tano asubuhi au usihangaike. Mwisho wa Juni jua huzama karibu saa tatu na robo usiku, hivyo wanaokuja saa mbili hukuta watu wa saa kumi bado wameketi na hawana nia ya kuondoka.

Kinywaji, nyigu, na kurudi nyumbani

Maß ni kikombe cha kioo cha lita moja. Radler ni nusu bia nusu soda ya limau. Kwa asiyekunywa kuna Spezi, kola iliyochanganywa na soda ya chungwa, na Apfelschorle, maji ya tufaha yaliyoongezwa maji yenye gesi. Zote mara nyingi hupatikana kwa ukubwa ule ule, kwa hiyo mtu wa Spezi haonekani mgeni mezani. Angalia lebo ya bia isiyo na kileo kama una sababu za dini: nyingi zina hadi nusu ya asilimia. Kikombe hulipiwa amana, Pfand, na pengine unapewa kidude cha kurudishia. Kitunze, maana bila hicho kikombe kinarudi lakini fedha hairudi. Mkitakiana afya, inueni na mtazamane machoni. Kugonganisha vikombe na watu wa nyumba nyingine wengi waliacha mwaka 2020.

Kuanzia Julai nyigu huja. Wanafuata sukari na nyama. Funika kikombe kwa kile kikadibodi cha kuwekea bia, tazama ndani kabla ya kila funda, na mtoto anywe kwa mrija ili nyigu asimwingie kinywani. Usiwapulizie, pumzi inawachokoza. Kuwaua ovyo kumekatazwa na sheria ya mazingira ya Ujerumani. Kipande kidogo cha tufaha kikiwekwa mita chache mbali kinawahamisha vizuri.

Chakula cha moto kimoja kinastahili kununuliwa pale pale: Steckerlfisch, samaki wa vibua aliyechomekwa kijitini na kuchomwa pembeni ya makaa. Mnunue mmoja kwa watu wawili, mle na Brezn na figili.

Muziki unakoma saa nne usiku, vinywaji vya mwisho ni saa nne na nusu, na saa tano watu wanatakiwa kuwa njiani. Majirani wanahitaji usingizi, na kanuni ya 1999 ilipatikana kwa maelewano na wao baada ya maandamano makubwa ya Mei 1995, wapenzi wa bustani walipopinga amri ya kufunga mapema. Anayerudi kwa baiskeli ajue kwamba polisi hupima na waendesha baiskeli pia: kiwango cha kileo cha 1.6 kwa elfu katika damu ni kosa la jinai, na ukiyumba au ukisababisha ajali, hata 0.3 yatosha.

Bustani zikijaa: mto Isar

Kikapu hicho hicho kinafaa ufukweni mwa Isar, hasa Flaucher, kusini ya katikati ya jiji, kwenye kokoto nyeupe. Kati ya mwaka 2000 na 2011 jiji na jimbo waliurudishia mto kilomita nane za kingo zake za asili, ndiyo maana sasa unaweza kushuka hadi majini bila kuruka ukuta wa saruji. Hapo vinywaji ni vyako mwenyewe, kwa hiyo ongeza barafu. Acha chupa za vioo zisizungushwe mikononi, na usimwache mtoto pekupeku kwenye kokoto ambako watu huvunja vioo.

Maji yanatoka milimani na ni baridi hata Agosti. Ingia taratibu, lowesha mikono na kifua kwanza. Kamwe usikaribie vikingamaji vilivyojengwa kuvuka mto: chini yake maji huzunguka papo hapo na kumrudisha mtu chini, na waogeleaji hodari wamefia hapo. Baada ya mvua kubwa mto hugeuka wa kijivu na kupanda kwa kasi. Siku hizo kaa juu ukingoni. Viwanja kama Gärtnerplatz, ambavyo mwaka 2020 vilijaa vijana usiku na kuletewa polisi, viepuke kwa chakula cha familia. Nafasi ni finyu.

Chupa tupu usizitie ndani ya pipa la taka. Chupa ya bia ina amana ya senti 8, za soda nyingi senti 15, na za kutumika mara moja senti 25. Zisimamishe kando ya pipa, wazi na bila kuvunjika, ili wazee wanaoishi kwa kuziokota wasilazimike kutia mkono ndani ya takataka. Mwaka 2020, viwanja vya mpira na kumbi vilipofungwa, kipato chao kilipungua sana.

Nyumbani, Obatzda iliyochanganywa na kitunguu itupe. Ile safi iliyokaa na barafu muda wote inakubali siku moja zaidi kwenye friji. Viazi vilivyobaki vikaange kesho yake na yai.